Danieli Hakukataa Darasa

Leo nitawakwaza baadhi yenu, na naanza na mimi mwenyewe.

Mwanzoni mwa 2019 nilisimama madhabahuni nikahubiri kwamba shule zimejaa uchafu na mzazi mwenye imani amtoe mtoto wake huko. Kanisa likapiga makofi. Baba mmoja wa upande wa Kathonzweni alitii. Mkubwa wake alikuwa ametoka tu kufanya KCPE, mdogo yuko Gredi ya 3. Akawaweka nyumbani wote wawili, akanunua vitabu vya masomo ya Kikristo kutoka nje, mama akawa mwalimu. Na wasichana walisoma kweli! Yule mkubwa anaandika Kiingereza kunishinda mimi niliyemaliza chuo cha Biblia.

Mwaka huu nilimsindikiza kutafuta nafasi ya uuguzi. Karani hakuuliza kama anajua kusoma. Aliuliza namba ya mtihani wa KCSE. Hana. Baba yake akanigeukia mimi, si karani.

Sasa wewe unayesema "Mungu atafungua mlango", nisikilize. Nafasi za vyuo vya serikali hugawanywa na KUCCPS, na KUCCPS hutazama KCSE. Mkubwa ana nafuu, ana KCPE, anaweza kujiandikisha kama mtahiniwa wa kibinafsi. Mdogo ndiye ananinyima usingizi. Kwa mtaala mpya, mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 ni asilimia 60 tu ya matokeo. Asilimia 20 ni KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine ni kazi za Gredi ya 7 na 8 ambazo shule ndiyo huzipeleka KNEC. Mtoto asiye na shule, nani atampelekea?

Usiniambie ni dhambi kufanya mtihani wa dunia. Soma Danieli 1. Alikataa chakula cha mfalme, darasa hakulikataa. Alisoma elimu ya Wakaldayo miaka 3, kisha akasimama mbele ya Nebukadneza akahojiwa, akafaulu. Nabii alitahiniwa na mpagani!

Sisemi kufundisha nyumbani ni kosa. Serikali nayo nina neno nayo: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtishia mzazi asiyempeleka mtoto shule faini hadi shilingi 100,000 au jela mwaka mmoja, lakini anayefundisha nyumbani kwa bidii hajaonyeshwa njia iliyo wazi. Lakini ugomvi wangu mkubwa ni na sisi wahubiri wa Kitui na Makueni. Tunawatoa watoto wa watu shuleni, wa kwetu wako bweni. Mnajijua.

Mzazi unayefundisha nyumbani, Jumapili baada ya ibada ya pili tukutane chini ya mwembe. Leta cheti cha kuzaliwa cha mtoto na karatasi yoyote ya mtihani uliyo nayo. Mwalimu wetu mstaafu atakuwepo, tutapitia moja moja.

Yule baba nilimwomba msamaha nyumbani kwake. Jumapili nitamwomba pale pale madhabahuni nilipomkosea.