Kuwa Majuu Si Kipimo cha Mchezaji

Kila mara Morans, timu yetu ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanaume, wanapokwama, dawa inayotajwa ni moja: vijana wetu wako majuu, waitwe. Wako Marekani, wako Australia, wako Ulaya. Wakusanywe, wavalishwe jezi, na Olimpiki tutaenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno haya nimeyasikia redioni, nimeyasikia kwa kinyozi pale Makutano, Meru, nimeyasikia hata kwa walimu wa michezo, watu wanaopaswa kujua zaidi. Yamerudiwa mpaka hakuna anayeyadai ushahidi. Mimi naona ni imani potovu, tena inatugharimu.

Sina ugomvi na mchezaji wa nje. Tylor Okari Ongwae alikuwa akicheza Denmark alipourusha ule mpira wa mwisho mjini Yaoundé, Februari 2021, Kenya ikaifunga Angola 74-73. Hiyo ni Angola iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Ushindi ule ulitupeleka AfroBasket, mashindano ya ubingwa wa Afrika, baada ya miaka 28, maana mara ya mwisho tulikuwa tumeshiriki 1993, hapa nyumbani Nairobi. Atakayesema Ongwae hakupaswa kuitwa kwa kuwa alikuwa nje, huyo hajui mchezo.

Ila tazama vizuri Ongwae alikuwa nani katika timu ile. Julai 2019 alikuwa kwenye kikosi kilichofika fainali ya AfroCan pale Bamako, mashindano yanayolenga hasa wachezaji wa ligi za Afrika, kikashindwa na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na kurudi na medali ya fedha. Yaoundé hakwenda kama mgeni aliyeshushwa na ndege juzi. Alikuwa amevuja jasho na Kenya, wenzake wamemzoea, na yeye amewazoea. Mpira wa mwisho humwendea mtu wa namna hiyo. Medali ile ya Bamako, tuliyoipata hasa kwa wachezaji wa ligi za bara hili, ni miongoni mwa matokeo makubwa zaidi ya Morans katika miaka ya karibuni, na ajabu ni kwamba watu wanaopiga kelele za majuu hawaitaji kabisa.

Ushahidi wao siku hizi ni video. Mtu anatoa simu mfukoni, anakuonyesha kijana mwenye jina la Kikenya akiruka na kuzamisha mpira mara tatu, muziki unapiga, sekunde 40 zimeisha. Huwa nawauliza: mechi nzima iko wapi? Video hiyo haina mitupo aliyokosa, haina mpira alionyang'anywa, haina kile kipindi cha pili alichokaa benchi kwa sababu mpinzani alimpita kila alipotaka. Yaliyoachwa nje ya video ndiyo kocha anayahitaji.

Halafu "anacheza chuo Marekani" ni maneno mapana mno. Daraja la kwanza la NCAA peke yake lina vyuo zaidi ya 350. Chini yake kuna daraja la pili na la tatu, kuna NAIA, kuna vyuo vya miaka miwili. Kijana anayeingizwa dakika nne kwa mechi katika chuo cha daraja la pili hajaonyesha bado kwamba anamzidi mlinzi wa KPA, timu ya Mamlaka ya Bandari, anayecheza dakika 30 pale Mombasa, anayekabwa na watu wazima waliokomaa, wanaolipwa kumzuia. Labda anamzidi. Basi tuonyeshwe. Bila kuonyeshwa tunachokisifu ni anwani yake.

Anayempima mchezaji kwa dhati huanza na dakika anazocheza, kisha anauliza anacheza dhidi ya nani, kisha anauliza kazi anayopewa. Hili la tatu ndilo tunalolipuuza kabisa. Kuna mchezaji ambaye kazi yake chuoni ni kuweka vizuizi, kukaba mtu mrefu na kugombania ribaundi. Mpira haumpitii mikononi ila kwa bahati. Huyo ukimleta nyumbani ukitarajia afunge pointi 20 dhidi ya Senegal, umemwonea yeye na umeionea timu. Akirudi alikotoka, mashabiki watasema hana uzalendo. Kosa ni la aliyemchagua bila kumwangalia.

Sheria nazo si zile zile. Wanaume wa vyuo vya Marekani hucheza vipindi viwili vya dakika 20, na timu hupewa sekunde 30 za kushambulia. Kwa FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, ni robo nne za dakika 10, na sekunde ni 24. Mlinzi aliyezoea kuupanga mchezo taratibu anajikuta saa inakaribia sifuri naye ndiyo kwanza anaita mwenzake aje kumwekea kizuizi. Kuna na jambo dogo ambalo shabiki haoni: kwa sheria za FIBA, mpira uliorushwa ukishagusa ringi, mchezaji yeyote anaweza kuupiga, hata kama bado unachezacheza juu ya kikapu. Chuoni Marekani hilo ni kosa. Kwa hiyo kijana mrefu aliyelelewa huko anasubiri mpira uanguke, na kufumba na kufumbua mpinzani ameshaufagia au ameusukumia ndani. Haya hufundishika, lakini yanataka wiki za kambi. Siku mbili za mazoezi ya haraka hazitoshi.

Kalenda nayo inatukana matumaini yetu waziwazi. Mechi za kufuzu za FIBA huchezwa kwa madirisha, na mengi ya hayo huangukia Novemba na Februari. Msimu wa vyuo vya Marekani huanza Novemba na kumalizika Aprili, na NBA inakuwa katikati ya safari yake. Chuo kilichomlipia kijana masomo hakimwachii aende zake Dakar au Alexandria katikati ya msimu. Hao vijana tunaowategemea watapatikana Julai na Agosti, kama timu itakuwa imefika Julai na Agosti. Wa kuifikisha huko ni wachezaji wa Ulinzi, wa KPA, wa Nairobi City Thunder ambayo 2025 ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza BAL, ligi ya vilabu ya Afrika, pamoja na Wakenya wachache walioko kwenye ligi za nje zinazosimama kuzipisha timu za taifa. Usiache mbachao kwa msala upitao, na msala wetu haupiti mpaka Julai.

Tulivyo sasa si siri. AfroBasket ya Agosti 2025 ilichezwa Angola na nchi 16. Uganda walikuwapo, Rwanda walikuwapo, Sudan Kusini walikuwapo. Sisi hatukuwapo, na nchi hizo hizo 16 ndizo zilizoingia kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 2027 nchini Qatar. Tiketi ya Olimpiki ya Paris kwa Afrika ilitolewa kwa njia ya Kombe la Dunia: Sudan Kusini waliipata kwa kuwa timu bora ya bara kwenye Kombe la Dunia la 2023. Njia nyingine ilikuwa ya mzunguko, kuanzia mchujo wa awali wa Lagos, Agosti 2023, ambao Cameroon walishinda wakaenda Riga kucheza na mataifa ya nje, wakawafunga hata Brazil, na bado Olimpiki hawakufika. Anayesema majina manane kutoka Marekani yatatuvusha njia kama hiyo hajaitazama njia yenyewe.

Tena majina manane hayo pengine hayaruhusiwi kucheza pamoja. Kanuni ya FIBA inasema timu ya taifa inaweza kuwa na mchezaji mmoja tu aliyepata uraia wa nchi hiyo baada ya kutimiza miaka 16. Na haimhusu mgeni aliyepewa uraia peke yake. Inamhusu pia mtoto aliyezaliwa na haki ya uraia lakini hakuidai mpaka alipopita umri huo. Katiba yetu ya 2010 inamtambua kuwa raia mtoto wa Mkenya popote alipozaliwa, na inaruhusu uraia wa nchi mbili. Hiyo ni haki nzuri, lakini FIBA watataka kuona pasipoti na tarehe yake. Kijana wa Minnesota mwenye baba wa Nkubu na mama wa Runyenjes, aliyechukua pasipoti ya Kenya akiwa na miaka 19 kwa sababu kocha alimpigia simu, yuko kwenye foleni ya nafasi moja. Wangapi katika orodha zinazosambazwa mitandaoni wamekaguliwa kwa kigezo hiki? Sijaona orodha hata moja yenye safu ya tarehe ya pasipoti.

Hapo ndipo ninapojibiwa kwa jina moja: Sudan Kusini. Wao si walikusanya watu wa nje wakaenda Paris?

Mfano huo unawahukumu wanaoutaja. Katika AfroBasket ya 2021 pale Kigali, baada ya kuifunga Mali 72-66, Kenya ilikutana na Sudan Kusini kugombania robo fainali. Tulishindwa 60-58. Pointi mbili ndizo zilizotutenganisha. Julai 2024 timu hiyo hiyo ilishindwa na Marekani kwa pointi moja, 101-100, mjini London, kisha ikaifunga Puerto Rico 90-79 kwenye Olimpiki yenyewe. Swali la kujiuliza ni walifanya nini katika miaka hiyo mitatu ambacho sisi hatukufanya.

Walikuwa na Luol Deng, aliyeshika shirikisho, akatoa pesa zake mwenyewe na jina lake. Walikuwa na kocha Royal Ivey, aliyeanza nao 2021 na kuwa nao mpaka Paris. Sisi kocha Liz Mills aliyetuvusha Yaoundé aliondoka baada ya Kigali, tukaingia mchujo wa Kombe la Dunia na benchi jingine, na kundi lenye Misri, Senegal na Kongo likatuacha mkiani. Walichagua watu kwa kazi wanazozifanya. Bul Kuol, aliyezaliwa Kakuma, katika ardhi yetu ya Turkana, hakuwa nyota wa NBA. Alikuwa akicheza ligi ya Australia, anakaba na kupiga pointi tatu, na ndicho alichoitiwa. Nafasi yao moja ya mchezaji wa uraia wa baadaye waliifanyia hesabu, wakampa Carlik Jones, mlinzi wa kuendesha mchezo. Na Khaman Maluach alianza kucheza Uganda, mwendo wa basi kutoka hapa, kabla ya dunia kumjua. Kuna na jambo zito zaidi: watoto wa Sudan Kusini walitawanywa na vita. Walikua katika nchi za watu wakiwa na hamu ya nchi yao. Sisi hatuna historia hiyo, na hatuwezi kuiazima.

Sasa nije kwetu. Hapa Kinoru, Meru, tuna uwanja uliokarabatiwa kwa ajili ya CHAN ya 2018, mashindano ambayo Kenya ilinyang'anywa yakapelekwa Morocco. Sherehe za Madaraka za mwaka huo zilifanyika humo. Ni uwanja wa kandanda, na kandanda inastahili. Lakini mtoto wa Meru anayependa vikapu anacheza shuleni, nje, juu ya saruji. Michezo ya shule za upili huanguka muhula wa kwanza, na mvua za Machi zikifika, mechi inasimama, walimu wanafagia maji kwa ufagio na gunia, inaanza tena. Ringi imelegea, nyavu zilikwisha zamani. Mtazame mvulana mrefu wa kidato cha tatu mpira unapodondoka karibu na mstari: hajirushi. Anaunyoshea mkono, ukimpita basi. Si uvivu. Akianguka pale magoti yatachunika na kesho ana mechi nyingine. Akibahatika kufika Kasarani, Nairobi, kwenye sakafu ya mbao, kocha atamwona hana moyo wa kupigania mpira, ataachwa, na watu watasema vijana wa nyumbani hawana kiwango.

Huo ndio ubaya wa imani hii ya majuu: inamwondolea kila mtu kazi. Kaunti haijengi ukumbi, shirikisho halitumi mtu kuangalia mashindano ya Meru na Embu, wizara haitoi pesa za kambi mapema, kwa sababu wote wanaamini wokovu utatua JKIA. Na hao hao tunaowasubiri watoke nje, wengi wao walitoka humu. Madina Okot ni binti wa Mumias. Alikuwa Zetech kabla ya kwenda Mississippi State na baadaye South Carolina kwa kocha Dawn Staley. Wamarekani walimchukua akiwa ameshaonekana hapa. Aliyemwona kwanza ni mwalimu na kocha wa Kenya, na wasichana wa urefu wake hawazaliwi Mumias peke yake.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Kabla kambi yoyote ya mchujo haijafunguliwa, shirikisho liweke wazi orodha ya kila Mkenya wa nje linayemfikiria: timu yake na daraja lake, dakika zake kwa mechi, kazi yake uwanjani, miezi anayopatikana, tarehe ya pasipoti yake. Wachezaji wa ligi ya nyumbani wawekwe kwenye orodha hiyo hiyo, kwa vigezo hivyo hivyo, na video za mechi nzima zitazamwe na jopo la makocha. Balozi zetu Washington, London na Canberra ziwatafute, kupitia makanisa na vyama vya Wakenya, wazazi wenye watoto wa miaka 12 mpaka 15 wanaocheza, watoto wapate pasipoti sasa, kabla siku yao ya kutimiza miaka 16 haijapita. Na muhula wa kwanza ujao mtu wa timu ya taifa apande gari aje Meru, akae siku zote za mashindano, mvua inyeshe isinyeshe, na aondoke na majina yaliyoandikwa.