Nyumba na Twahara: Madoa Katika Viti vya Gari



Twaulizwa mara kwa mara na wazee wa watoto wanaosoma chuoni juu ya jambo ambalo vitabu vya fiqhi vya zamani havikulitaja kwa jina lake, nalo ni viti vya gari vilivyovikwa kitambaa. Mtoto amekojoa juu yake, au mgonjwa ametapika, au damu ya mzazi imedondoka njiani kwenda hospitali. Je, kiti hicho chatwahirishwaje, ilhali hakivuliki kikafuliwa kama kanzu? Swali hili si dogo. Wako wenye magari ambao, kwa kuchelea viti vyao, huona uzito kumchukua jirani aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane. Na wako wengine ambao baada ya doa moja hawaketi tena kwa raha. Kila washukapo garini hubadili nguo. Hao wote lau wangejua njia ya kusafisha, jambo hili lingewawia jepesi.

Kwanza tupambanue uchafu na najisi. Kahawa, mchuzi, tope na mafuta ya sambusa ni uchafu, walakin si najisi, na nguo iliyoguswa navyo husaliwa. Mkojo, damu na matapishi ndiyo najisi. Tena najisi iliyokauka haihamii kwenye nguo kavu. Basi aliyeketi kwa nguo kavu juu ya kiti kikavu hana la kufua, wala asijitie katika wasiwasi.

Wengi wetu twaijua khabari ya bedui aliyekojoa msikitini, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Masahaba walimjia juu, Mtume (s.a.w.) akawakataza, akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Ardhi ya msikiti haikung'olewa. Mzazi anayempiga mtoto kwa ajili ya kiti cha gari naaitazame khabari hii.

Ama namna ya kufanya, mkojo ukiwa ungali mbichi, chukua kitambaa safi kikavu, ukikandamize juu yake kwa nguvu mpaka kinyonye, kisha ubadili kingine. Usisugue, kwani kusugua huupeleka mkojo ndani ya sponji na kulitandaza doa. Baadaye pitisha maji ya sabuni kidogo, ukitoka ukingoni kwenda katikati, na uyakaushe. Sasa ndipo umimine maji matupu yaliyo safi, yapaenee mahali palipopatwa na kuzidi kidogo, kisha uyanyonye kwa taulo. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi maji matupu hayana badala. Sabuni, siki na spiriti husaidia kuondoa, lakini hazitwahirishi. Kwa hiyo anayepeleka gari likasafishwe kwa dawa na povu tu, naarudishie maji mwishoni. Mkojo wa mtoto wa kiume asiyetimia miaka miwili, na asiyepata kula kwa kujilisha ila maziwa, una takhafifu: baada ya kuukausha, yatosha kunyunyiza maji yakapaenea pote, hata kama hayakutiririka. Wa mtoto wa kike huoshwa.

Damu yataka maji baridi, na chumvi kidogo ikiwa imeanza kuganda. Maji ya moto huishikiza damu katika nyuzi, na wengi huharibu kiti kwa sababu hiyo, wakidhani kwamba moto ndio usafi. Ikisalia rangi peke yake, au harufu peke yake, baada ya kujitahidi, hiyo imesamehewa. Zikisalia zote mbili mahali pamoja, rudia kuosha. Harufu ya mkojo hupunguzwa kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha soda ya unga inayotiwa katika keki hunyunyizwa juu ya kitambaa kikavu, ikaachwa usiku kucha na kukung'utwa asubuhi.

Usilowanishe kiti kupita haja. Sponji huficha maji, na katika hewa yetu ya pwani hushika ukungu upesi, nao una harufu mbaya kuliko doa lenyewe. Fungua milango yote, gari likae penye upepo na jua mpaka ndani pakauke. Katika magari ya siku hizi ziko nyaya chini ya viti. Maji yasimiminwe huko.

Madoa mengine hatutayafanyia maneno mengi. Mafuta hunyunyiziwa unga wa muhogo uyanyonye, kisha sabuni. Kahawa ni maji ya sabuni na siki kidogo. Manjano ya pilau na bizari ni magumu, walakin jua huyafifisha siku baada ya siku, kwa hiyo subira hapo ina faida kuliko dawa kali. Na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isitumiwe kabisa: hula rangi ya kitambaa, na ikikutana na siki hutoa hewa ya sumu, khasa ndani ya gari lililofungwa. Akina mama waliozoea kuchanganya dawa za usafi nawalishike sana hili.

Limebaki gari la kuazima. Aliyeliazima kwa safari hadaiwi uchakavu wa matumizi aliyoruhusiwa, ama doa la mkojo wa mwanawe ni juu yake. Na alisafishe, na amwambie mwenye gari wazi kiti gani na kitu gani, hata kama halionekani tena, kwa kuwa mwenye gari naye husali, na pengine kesho atakalia kiti hicho nguo zikiwa mbichi kwa mvua. Naye mwenye gari aogopaye na atandike kitambaa kizito, na chini yake karatasi ya plastiki, siku ya kumchukua mgonjwa. Kitambaa hufuliwa kwa dakika chache, na mgonjwa huwa amekwisha kufika hospitali.