Loresho, mbona tunalipa watu watubebee mbolea?

Wasee, leo nitasema kitu ambacho majirani wangu wengine hawatapenda. Loresho ni mtaa unaolipa mara mbili kwa kitu kimoja. Kila mwezi tunalipa gari la taka litubebee maganda ya viazi, mabua ya sukuma na magunia ya majani makavu. Mvua ikikaribia, watu wale wale wanasimamisha gari kando ya barabara kwa wauza miche, wananunua gunia la samadi ndiyo maua yasife. Manze, hiyo mbolea mlikuwa nayo kejani. Mlilipa iondoke.

Msimamo wangu ni huu: kama uko na kipande cha udongo, hata kama ni kile kijisehemu nyuma ya tangi la maji, ganda la ndizi halifai kutoka getini kwako. Halifai kufungwa kwa mfuko wala kupakiwa kwa lori. Linafaa kukaa hapo hapo lioze vizuri.

Kabla mniulize mimi ni nani: niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yangu haikuwa hata na harufu ya kilimo. Ninachojua nimekipata kwa kusoma, kuuliza wazee wanaojua shamba, na kugeuza lundo nyuma ya nyumba yetu asubuhi nyingi za Jumamosi. Kwa wale ambao hiyo sura iliwapita shuleni, mboji ni ile mbolea nyeusi unayopata mabaki ya jikoni na majani makavu yakioza pamoja, kwa mpango.

Sheria iko, lakini lori lina tumbo moja

Tuanze na sheria, juu watu hupenda kusema serikali haijaandika kitu. Imeandika. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, na inataka taka itenganishwe pale pale inapotoka: ya kuoza kando, isiyooza kando.

Kwetu tulifuata. Mathe alinunua mapipa mawili, la kijani na la bluu, na tukawa tunaosha hadi mikebe ya maharagwe. Siku ya gari kuja nilisimama getini nikaangalia. Jamaa akachukua mfuko wa kwanza, akaurusha ndani. Akachukua wa pili, akaurusha pale pale juu ya ule wa kwanza. Lori likaenda.

Sitataja kampuni, na simlaumu yule jamaa. Ameajiriwa kujaza lori, na lori lina tumbo moja. Lakini siku hiyo nilielewa kwamba kutenganisha taka halafu kuikabidhi kwa lori moja ni maonyesho tu. Ganda lililotenganishwa kweli ni lile ambalo halikutoka nyumbani.

Na mahali lori linaenda unapajua. Ni Dandora, upande wa pili kabisa wa jiji. Jaa lile limepokea taka za Nairobi tangu miaka ya sabini, na mwaka wa 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Mwaka wa 2007 UNEP, hawa hawa majirani zetu wa Gigiri, walitoa ripoti ya utafiti uliopima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango kinachofika au kupita kile kilichokubaliwa kimataifa. Julai 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru jaa lifungwe ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, malori yakaendelea kuingia.

Najua kuna mtu ataandika: "Ganda la ndizi haliwezi kumpa mtoto madini ya risasi." Ukweli kabisa. Ganda lenyewe halina hatia. Shida ni likizikwa pamoja na betri, nailoni na kila kitu kingine. Likikosa hewa linatoa methani, gesi inayoshika moto na inayoongeza joto duniani. Jaa likiwaka, plastiki na sumu zote zilizo pale zinawaka nalo, na kuna watoto wanaovuta ule moshi. Pia ganda linalowesha katoni, karatasi na chupa ambazo watu wa Dandora wanaokota wauze. Katoni kavu ina bei. Katoni iliyolowa maji ya githeri iliyochacha haina.

Sasa kumbuka zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni vitu vya kuoza. Ukitoa maganda yako kwa mfuko, umetoa mzigo mkubwa, na umemwachia aliye mwisho wa safari kitu kinachoshikika.

Anza na majani makavu

Tuje kwa kazi ya mikono. Watu wengi wanaoanza mboji huanza na maganda. Wanayarusha kwa shimo kila jioni, na baada ya wiki mbili kuna uji wa kijani, nzi na harufu. Wanaamua mboji ni uchafu na wanarudia lori. Kilichokosekana ni majani makavu.

Vijidudu vinavyoozesha vinataka vitu vinne: chakula cha kijani, chakula cha kahawia, maji na hewa. Kijani ni kile chenye nitrojeni nyingi: maganda, mabaki ya mboga, nyasi mbichi, majani ya chai, samadi. Kahawia ni kile chenye kaboni nyingi: majani makavu, katoni iliyochanwa, trei za mayai za karatasi, vumbi la mbao. Kipimo cha kuweka kichwani ni karai moja la kijani kwa makarai mawili hadi matatu ya kahawia. Kama huna uhakika, ongeza kahawia.

Na hapa ndipo Loresho imebarikiwa. Huu mtaa ni miti. Jakaranda, mukima, miparachichi, ua kila upande. Kila asubuhi watu wa shamba wanafagia majani wanajaza magunia, na wengine wanayachoma. Yule jirani anayetuvutisha moshi Jumamosi anachoma ile sehemu ya mboji ambayo mtu wa fleti anaitafuta na kuikosa. Ongea naye kwa heshima. Mwambie, "Mzee, hayo majani nipe mimi." Utapewa magunia matano na shukrani juu. Chunga tu majani ya mikaratusi: yanaoza polepole na yana mafuta makali, kwa hivyo weka kidogo.

Ukishapata magunia yako, fanya hivi:

Chagua mahali penye kivuli kiasi, pasipotuama maji. Pima mita moja kwa mita moja, juu ya udongo wenyewe, si kwa saruji. Tandaza vijiti chini ili hewa ipite. Weka majani makavu, kisha kijani, kisha majani tena, ukinyunyiza maji kila safu. Katakata mabua ya sukuma na magunzi kwa panga, maana kitu kidogo kinaoza haraka. Ukiwa na samadi au mboji ya zamani, rusha kidogo katikati. Panda hadi lundo lifike mita moja kwenda juu. Malizia na majani makavu, kisha funika kwa gunia kuukuu ama majani ya mgomba, ndiyo mvua ya Aprili isiligeuze supu.

Hiyo mita moja ina sababu yake. Lundo likiwa dogo, joto linatoroka. Likiwa na ukubwa huo na mchanganyiko uko sawa, baada ya siku chache ndani yake panafika nyuzi 55 hadi 65. Joto hilo linaua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya magonjwa. Ingiza fimbo ya chuma katikati, iache dakika kadhaa, uitoe. Ikiwa moto mkononi, mko sawa.

Geuza kila wiki kwa jembe la meno, ya nje iende ndani, ya ndani ije nje. Unyevu upime kwa mkono: kamua konzi moja, litoke tone moja ama mawili. Ikimwagika maji, ongeza majani makavu. Ikiwa kavu kama vumbi, nyunyiza maji. Ikinuka, imekosa hewa ama kijani kimezidi, kwa hivyo geuza na uongeze kahawia. Ikikaa baridi kabisa, kijani kimepungua ama lundo ni dogo. Hayo manne yakikuingia kichwani, kazi kubwa umeimaliza.

Baada ya miezi mitatu hivi, baridi ya Julai ikikubali, utapata kitu cheusi kinachonukia kama msitu baada ya mvua. Kiache kipoe wiki kadhaa kabla ya kutumia. Kama wewe ni mvivu wa kugeuza, itaiva pia, ila ngoja miezi sita ama zaidi.

Usiweke nyama, mifupa, samaki, mafuta ya kupikia wala maziwa. Usiweke kinyesi cha mbwa ama cha paka. Vifuko vya chai pasua umwage majani, maana vifuko vingine vina plastiki ndani. Zile stika ndogo za matunda toa.

"Lakini panya..."

Panya huja kwa ugali, nyama na maganda yaliyoachwa wazi. Funika kila kitu cha kijani kwa majani makavu siku ile ile, na atapita aende kwa pipa la jirani.

"Mwenye nyumba hatakubali." Muulize ukiwa na lundo safi la kumwonyesha, ama anza na ndoo. Na wewe wa fleti pale Westlands ama Kangemi, ndoo mbili za rangi za lita 20 zinatosha. Toboa matundu chini na kandoni, weka kisahani cha kukinga maji, tumia katoni iliyochanwa kama kahawia. Ya kwanza ikijaa, iache iive, ujaze ya pili. Sitakudanganya: ndoo haipati joto la lundo, kwa hivyo itachukua muda mrefu na mbegu za nyanya zitachipuka. Nyanya za bure, si mbaya.

"Si ninunue tu mbolea?" Nunua. Lakini udongo wetu huu mwekundu unataka zaidi ya kulishwa unga wa dukani. Hapa Kabete, mwendo mfupi kutoka kwetu, watafiti wa kilimo wana shamba la majaribio lililoanza 1976, la kulinganisha mbolea ya dukani, samadi na mabaki ya mahindi. Somo ni lile ambalo cucu yeyote angekwambia: ardhi inayovunwa kila msimu bila kurudishiwa kitu inachoka. Mboji ndiyo njia ya kurudisha. Inafanya udongo ushike maji wakati wa kiangazi, na upitishe maji wakati wa masika badala ya kuoshwa hadi mtaroni.

Kitu cha mwisho, na hiki ndicho kinaniuma. Kutoka kwetu hadi soko la Kangemi unaweza kutembea kwa miguu. Huku kuna majani makavu hadi yanachomwa. Kule, jioni, akina mama mboga wanabaki na mabua, maganda na kabichi zilizoharibika, na wengine wanapanda sukuma kwa magunia nyuma ya ploti kwa udongo uliochoka. Upande mmoja una kahawia, upande mwingine una kijani, na pande zote mbili zinalipa ama zinahangaika kuviondoa. Chama cha wakazi kinachoweza kukutana jioni nzima kujadili matuta ya barabarani kinaweza pia kutenga kona moja ya lundo la pamoja, na atakayetaka gunia la mboji achukue. Hii haihitaji mfadhili. Inahitaji karai, jembe la meno na mtu mmoja asiyeona aibu kuomba majani ya jirani.

Sitaki usambaze hii halafu ulale. Wiki hii fanya moja tu: weka ndoo yenye kifuniko jikoni na usitupe ganda lolote kwa pipa kwa siku saba. Kwetu, watu wanne, ndoo ya lita 10 ilijaa kwa siku tano. Ukiona yako imejaa, utakuwa umeona kwa macho yako kile ulichokuwa unakilipia kipelekwe Dandora. Kisha tafuta majani.

Niambie hapo chini: uko na uwanja ama uko fleti? Taja na mtaa. Kama uko Loresho na unachoma majani, usichome. Nitakuja na magunia yangu.