Desemba hii mjukuu aende Nyaishozi, lakini apite wapi?

Likizo ya Desemba ikikaribia, simu za Nyaishozi huanza kuingia Dar es Salaam na Mwanza. Babu anauliza mjukuu ataonekana lini. Bibi anasema senene wameanza kuanguka na ndizi shambani zipo za kutosha. Mzazi mwenye ruhusa ya siku tatu kazini anabaki kupiga hesabu: basi, meli au ndege?

Wengi huishia kwenye basi. Kutoka Dar hadi Karagwe ni zaidi ya kilomita 1,300, kupitia Dodoma, Singida na Kahama. Tangu 2023 mabasi ya masafa marefu yameruhusiwa tena kutembea usiku, kwa hiyo siku hizi mtoto hukaa kwenye kiti kimoja mchana na usiku kucha. Kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni adhabu. Afadhali kuikata safari na kulala kwa ndugu njiani. Treni ya SGR imesaidia tangu 2024, ila inaishia Dodoma, na kipande kirefu bado kiko mbele.

Kwa aliyeko Mwanza, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa foleni ya kivuko. Hata hivyo, mwenye watoto wadogo asiidharau meli. MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, huondoka Mwanza jioni na kufika Bukoba asubuhi. Mtoto analala, na akitaka choo hakuna dereva wa kubembelezwa asimame. Kutoka Bukoba hadi Kayanga ni zaidi ya kilomita 100, na gari hupita Kyaka, palipo na daraja la mto Kagera lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Stori hiyo babu atamalizia mwenyewe. Kayanga unachukua mchomoko hadi Nyaishozi, jua likiwa bado juu.

Watu wa Kagera, hata hivyo, hawapandi meli bila kukumbuka. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Idadi yao kamili haikupatikana, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Kuna familia zilizobaki bila karatasi yoyote inayoonyesha kwamba mtu wao alipanda. Kwa hiyo mtoto akatiwe tiketi yenye jina lake, hata kama karani anasema "huyu mdogo, pita tu". Maboya ya watoto yako wapi? Uliza kabla meli haijang'oa nanga.

Ndege hutua Bukoba, kwenye uwanja ulio kando kabisa ya ziwa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka majini karibu na uwanja huo ikiwa na watu 43. Waliopona ni 24, na wavuvi walikuwa miongoni mwa waliofika kwanza kuokoa. Si sababu ya kumtisha mtoto. Nauli ni kubwa, lakini aliye chini ya miaka miwili hupakatwa na hulipiwa kidogo, na kwa mwenye mtoto mgonjwa fedha hiyo haijapotea.

Walioko nje ya nchi mara nyingi huona Entebbe au Kigali ni karibu kuliko Dar, wakaingilia Mutukula au Rusumo. Ni kweli, ila mtoto naye anahitaji hati yake ya kusafiria, na huenda akadaiwa kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kukwama mpakani na mtoto anayelia si jambo la kusimuliwa.

Limebaki lile la kumkabidhi mtoto kwa kondakta, "atashushwa Kayanga". Wazazi wengi wamefanya hivyo na mtoto akafika. Lakini kondakta hubadilishana zamu, basi huharibika porini, na gari linaloingia saa sita usiku humkuta bibi amelala. Mtoto asafiri na mtu mzima anayefahamika, shangazi au jirani anayekwenda hukohuko. Basi likiondoka kituo cha Mbezi, bibi awe tayari na namba ya gari, jina la aliyefuatana na mtoto, na namba yake ya simu. Power bank iwe imejaa.