Mgeni Mwenye Mafua Asiingie Chumba cha Mzazi



Leo nasema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya mashangazi na mawifi, lakini nalisema kwa mapenzi. Mzazi anayekataa mtoto wake mchanga kupakatwa na kubusiwa na kila anayeingia mlangoni hana kiburi. Analinda amana aliyopewa na Mwenyezi Mungu, na sisi tunapaswa kumsaidia badala ya kumteta.

Kwetu watu wazima mafua ni makamasi, kikohozi, chai ya tangawizi, na baada ya siku chache umepona. Lakini kati ya virusi vinavyoleta mafua hayo wamo vinavyoitwa RSV. Takriban kila mtoto huvipata kabla hajatimiza miaka miwili. Aliyekwishachangamka huumwa kidogo akapona. Wa wiki sita mambo ni mengine: vijia vya hewa kwenye mapafu yake ni vyembamba mno, vikivimba na kujaa makohozi, pumzi haipiti. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 RSV iliua watoto wa chini ya miaka mitano wapatao 100,000 duniani, na karibu nusu yao walikuwa hawajafika miezi sita. Wengi mno walikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, kama zetu.

Maradhi haya yana msimu. Ulaya huja na baridi. Kwetu pwani, mahali palipochunguzwa kwa miaka mingi ni Kilifi, Kenya, katika kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome. Huko kwa kawaida wagonjwa huanza kuongezeka mwishoni mwa mwaka na kuendelea miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Ni miezi ya kaskazi, na upepo unaovuma kule ndio unaovuma huku visiwani.

Sasa tupige hesabu, maana mimi fundi cherehani miezi naisoma kwenye daftari la oda. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Kwa hiyo harusi zinarundikana Shaaban, yaani Januari na Februari, na tena mfunguo mosi, Machi na Aprili. Bi harusi wa Shaaban akijaaliwa mapema, atajifungua Oktoba au Novemba. Wa mfunguo mosi atajifungua Disemba au Januari. Kaskazi ikipamba moto, mtoto yumo ndani ya arobaini au ndiyo kwanza ametoka. Na wakati huohuo kadi za harusi za wenzake zinamiminika, na mama anaambiwa aje ukumbini na mtoto ili watu wamwone.

Kilifi walifanya jambo jengine zuri. Walizifuatilia kaya 47 kwa miezi sita, wakichukua vipimo vya pua vya watu wote wa nyumba mara mbili kwa wiki, ili wajue mtoto mchanga anaambukizwa na nani. Mara nyingi aliyevileta virusi nyumbani alikuwa kaka au dada yake mkubwa, hasa anayekwenda skuli. Kwa hivyo mtoto wa jirani anayechuruzika kamasi, tunayemwambia "mbusu mdogo wako", ndiye wa kumwambia amwangalie kwa mbali.

Bibi zetu hawakujua jina la virusi, lakini walimweka mzazi ndani siku arobaini, wakachagua wa kuingia. Siku hizi tumeibakisha arobaini ya picha na keki, tukaiacha ile ya mlango. Naona turudishe ya mlango, na msimu wa kaskazi tuirefushe kidogo. Dini haitukatazi. Mtume (s.a.w.) amefundisha watu wasiingie mji wenye tauni wala wasitoke humo, na kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa walio wazima. Tahniki tuifanye, ila anayeifanya awe mzima na mikono yake iwe imeoshwa kwa sabuni. Udi nao tuufukize kwenye kanga na madira, si chumbani alipo mtoto, kwani moshi unaumiza mapafu yake.

Kuna habari njema pia. Ipo chanjo ya RSV anayopewa mama mjamzito; mwili wake hutengeneza kinga, ikapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Katika utafiti wa nchi 18, uliowashirikisha wajawazito wapatao 7,400, wakiwemo wa Gambia na Afrika Kusini, chanjo ilipunguza maradhi makali kwa watoto kwa karibu asilimia 82 katika siku 90 za mwanzo. Shirika la Afya Duniani linashauri itolewe kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Ukienda kliniki, iulizie. Huduma isiyoulizwa na wanawake huchelewa kufika kwao.

Na mama mkwe, mlango huu ni wako. Mkeo mwana hawezi kumwambia shangazi wa mumewe "usimbusu". Wewe unaweza. Waambie wageni: mwenye mafua atume salamu kwa simu, mzima anawe mikono kwanza, na busu liwe la miguuni. Zawadi zipokelewe sebuleni.

Mtoto akipumua mbiombio, kifua kikibonyea chini ya mbavu, akishindwa kunyonya, midomo ikigeuka rangi, au pumzi ikikatika hata kidogo, usingoje asubuhi wala usinunue vidonge dukani. Antibiotiki haziui virusi. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usiku ukiwa usiku. Akiwa mzima, mnyonyeshe maziwa yako tu. Nayo ni kinga.

Mabibi harusi wa msimu huu, nguo zenu nitazimaliza kwa wakati, inshaallah. Na mkijaaliwa watoto, nitakuja kuwaona nikiwa mzima. Nikiwa na mafua, zawadi nitaituma.