Mchango wa Mgonjwa Usiishe Siku ya Harambee

Watu wa Sosiot, huku kwetu kwenye mashamba ya chai, hawahitaji kufundishwa kutoa. Mgonjwa akizidiwa, kadi za mchango huzunguka, namba ya M-Pesa hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, na siku ikifika hema husimamishwa, kuku na mbuzi wakapigwa mnada. Hayo ni mema. Lakini yapo maradhi ambayo harambee ya siku moja haiyawezi, na mojawapo ni maltipo sklerosisi, ambayo madaktari huiita kwa ufupi MS. Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo inataka tubadili namna yetu ya kutoa.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, huugeukia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, ikauharibu. Hapo jicho huingia ukungu, mguu hufa ganzi, mkono hukosa nguvu, na uchovu mzito humlaza mtu mchana. Mara nyingi huanza kati ya umri wa miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Hauambukizi. Wala si uvivu, ulevi au kurogwa, na anayesema hivyo anamwongezea mgonjwa mzigo wa pili.

Hila ya ugonjwa huu ni kwamba, kwa wagonjwa wengi, huja na kupoa. Mama aliyekuwa kitandani huonekana tena baada ya wiki kadhaa akichuma majani chai, na jirani aliyemchangia hunung'unika: "Kumbe ni mzima! Pesa zetu zimekwenda wapi?" Ndugu yangu, wakati huo anapotembea ndio pesa zako zinahitajika hasa. Tiba ya kuuondoa kabisa haijapatikana, na dawa zilizopo kazi yake kubwa ni kuzuia shambulio lijalo. Anayengoja mgonjwa aanguke tena ndipo atoe, anatoa baada ya hasara kutokea.

Harambee tuliyoirithi tangu Mzee Jomo Kenyatta aifanye wito wa taifa mwaka 1963 ilijenga madarasa na zahanati. Paa likishaezekwa, kamati huvunjwa. Mgonjwa wa MS atahitaji dawa mwaka huu, mwaka ujao na mingine mingi. Kamati yake haifai kuvunjwa.

Mtaniambia kwamba bei ya majani ni ndogo na karo za shule zinatungoja. Ni kweli, na ndiyo sababu nasema tutoe kidogo kila mwezi. Kiwanda hutulipa majani kila mwezi, na bonasi huja mara moja kwa mwaka. Watu 50 wa ukoo na kanisa wakitoa Sh200 kila mwezi, mwaka ukiisha zitakuwa Sh120,000, na bonasi ikija kila mmoja aongeze awezacho. Haba na haba hujaza kibaba. Asiye na hata hiyo Sh200 ana mikono: majani hayamngoji mgonjwa apone, basi na amchumie siku anapolala, ayafikishe kituoni kwa jina lake, ili malipo ya nyumba ile yasikatike.

Fedha hizo zianze na bima. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Asiye na mshahara hutozwa kwa mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, kinacholipwa kwa mwaka mzima, yaani Sh3,600. Ni aibu kuandaa harambee kubwa huku bima ya mgonjwa haijalipwa. Kisha fedha hizo zimfikishe mgonjwa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu na kwenye kipimo cha MRI. Ndipo familia imuulize daktari habari za dawa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirameri na rituksimabu. Hii ya mwisho hutumika pia kutibu baadhi ya saratani, kwa hiyo si ngeni katika hospitali kubwa, na kwa kawaida mgonjwa wa MS hupewa kwa dripu kila baada ya miezi kama sita. Familia isiuze ng'ombe wala kukodisha shamba la chai kwa sababu ya mtu aliyesikia kwamba ng'ambo kuna tiba ya mara moja. Bingwa aulizwe kwanza.

Na hesabu iwe wazi. Mweka hazina asiwe peke yake, na kila baada ya miezi mitatu asome mbele ya kokwet, yaani baraza la kijiji, kilichoingia na kilichotoka. Lakini habari za mwili wa mgonjwa ni zake. Aliyetoa Sh200 hakununua haki ya kumkagua wala kumtangaza.

Wazee wa ukoo, viongozi wa makanisa, akina mama wa vyama: kama kwenu kuna familia iliyofanya harambee ya mgonjwa wa aina hii mwaka jana, iteni ile kamati tena mwezi huu. Mwulizeni mgonjwa dozi yake ijayo ni lini, na anzeni kuichangia angali anatembea.