Vidonge vya bakteria: Vinampa mkimbiaji kasi au vinamaliza hela tu?

Mwanariadha wa Kenya akirudi Eldoret na medali, hupokewa kwa mursik, maziwa ya kuchacha yanayotoka kwenye kibuyu. Siku hizi bakteria wazuri wanauzwa pia kwenye vidonge na unga, na matangazo hayana aibu: kasi zaidi, pumzi zaidi, uchovu kidogo.

Je, ni kweli, au watu wanauziwa matumaini?

Probayotiki ni nini hasa?

Wataalamu wa FAO na WHO walitoa maana yake mwaka 2001: ni viumbe hai wadogo ambao, mtu akiwatumia kwa kiasi cha kutosha, humletea faida ya kiafya.

Maneno ya kushika hapo ni mawili: "hai" na "kutosha". Kopo lililokaa juani miezi kadhaa linaweza kuwa limebaki na jina tu.

Utafiti uliowasha moto

Mwaka 2019, watafiti wa Harvard walitoa matokeo yaliyozungumzwa sana. Walichunguza choo cha wakimbiaji wa Boston Marathon ya 2015 na kukuta bakteria aitwaye Veillonella akiongezeka baada ya mbio.

Bakteria huyo hula lakteti, ile ambayo misuli huitoa kwa wingi inapofanya kazi kwa nguvu, na kuigeuza kuwa propioneti. Panya waliopewa bakteria huyo walikimbia kwa muda mrefu zaidi, kwa asilimia 13.

Lakini hao ni panya, siyo watu. Isitoshe, mmoja wa watafiti hao, Jonathan Scheiman, ni mwanzilishi mwenza wa FitBiomics, kampuni inayouza probayotiki. Hilo halifanyi utafiti kuwa uongo, ila ni sababu ya kusubiri ushahidi zaidi kabla ya kufungua pochi.

Kwa binadamu je?

Hapa mambo yanachanganya kidogo.

Nchini Australia, utafiti wa 2014 uliwapa wakimbiaji 10 probayotiki kwa wiki nne, kisha wakakimbizwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi wachoke. Walidumu karibu dakika 38, dhidi ya 33 walipotumia vidonge vitupu. Tofauti ni kubwa, lakini watu 10 hawajazi hata daladala.

Taiwan nako, bakteria aliyetolewa kwenye kabichi ya kuchacha alijaribiwa kwa watu 54 wasio wanariadha kwa wiki sita. Waliomtumia walichelewa kuchoka.

Liverpool ikaleta picha tofauti. Wakimbiaji 24 walijiandaa kwa marathon kwa siku 28. Waliotumia probayotiki walisumbuliwa kidogo na tumbo, hasa theluthi ya mwisho ya mbio. Muda wa kumaliza? Hakukuwa na tofauti ya maana.

Faida iko wapi basi?

Ukiunganisha haya yote, ushahidi wa kasi bado ni mwembamba. Wenye uzito zaidi ni wa tumbo na mafua.

Utafiti mwingine wa Australia uliwafuatilia wakimbiaji 20 wa masafa marefu kwa miezi minne ya baridi. Kwa jumla, siku za dalili za mafua na kifua zilikuwa 30 walipotumia probayotiki, na 72 walipotumia vidonge vitupu.

Hilo siyo jambo dogo. Mkimbiaji anayekosa mazoezi wiki mbili kwa sababu ya kifua anapoteza mengi kuliko kidonge chochote kinavyoweza kumrudishia siku ya mbio.

Siyo kila bakteria ni yuleyule

Ni kama mbegu za mahindi: ile inayostawi Kitale inaweza kukuangusha ukiipanda Kilifi. Faida ya bakteria mmoja haihamii kwa mwenzake kwa sababu tu wote wameandikwa "probayotiki". Kopo lisilotaja aina kamili ya bakteria na idadi yao halimwambii mnunuzi kitu.

Kwa sababu hiyohiyo, hakuna anayeweza kudai kuwa mursik au mtindi wa nyumbani ndiyo siri ya medali. Ila maziwa yana protini na madini ya chokaa, na bei yake inajulikana.

Hatari ambayo haiko kwenye tangazo

Kwa anayeshindana, kuna suala zito zaidi. Utafiti uliotolewa mwaka 2004 ulipima virutubisho 634 vya aina mbalimbali kutoka nchi 13. Karibu asilimia 15 vilikuwa na homoni zisizotajwa kwenye lebo.

Sheria za kupambana na dawa za kusisimua misuli ziko wazi: kilichokutwa mwilini ni jukumu la mwanariadha. "Sikujua" huwa haitoshi, na kifungo cha miaka kinaweza kumaliza riziki ya familia nzima.

Anayetaka kujaribu achague bidhaa iliyopimwa na maabara huru, aanze angalau wiki nne kabla ya mbio, siyo usiku wa kuamkia mashindano. Mwenye kinga dhaifu ya mwili amwone daktari kwanza.

Na kama hela ni ya kitu kimoja tu mwezi huu, chakula cha kutosha kinatangulia kidonge.